Bibi Aliyekaa Upande wa Pili wa Kaseti

Hapo zamani, na naomba msianze kuniwazia sungura na fisi, maana zamani ninayoisema ni ile ya kompyuta zenye kichogo, palikuwa na chuo cha ualimu huko kwenye baridi, upande wa Njombe, ambako watu huvaa masweta mawili na bado wakalalamika. Mkuu wa chuo hicho alikuwa Bi Yustina Haule, mama mnene wa sauti ndogo, mpenda chai ya tangawizi na mchukia kelele. Alikuwa mtu wa neno lake. Akisema kesho, ni kesho. Akisema hapana, hata umletee mashemeji kumbembeleza, ni hapana. Lishikeni hilo, kwa sababu hadithi hii nzima imening'inia kwenye neno lake moja.

Chuo kilipewa kompyuta. Moja tu. Ilikuja na kioo chake, kibodi yake na redio kaseti. Mnacheka redio kaseti? Wakati ule mashine hizo hazikuwa na mahali pa kutunzia kitu. Ukizima umeme, imesahau kila ulichoiambia. Kwa hiyo kazi yako uliihifadhi kwenye kaseti, hizi hizi za muziki, na ukitaka kuirudisha uliicheza kwenye redio, nayo ikalia kwi-kwi-kwi-krrrr mpaka mashine ishibe. Na kaseti zenyewe wakati ule zilikuwa adimu kuliko sukari.

Wanachuo wakaizunguka mashine. Kila walichotaka kuiambia kilitakiwa kiwe kwa maneno ya kigeni. Wakayakariri. Walikariri vizuri, wakafaulu, na ukimuuliza mmoja wao alichokiandika maana yake nini, anatazama dari. Bi Yustina aliumia. Hawa ndio waliokuwa wanakwenda kufundisha watoto.

Akaenda shule ya sekondari ya jirani, akamwazima mwalimu wa hesabu, Zakayo Mligo, mtu mrefu aliyetembea na chaki kila mfuko. Akamkaribisha chai, akamwambia, "Mwalimu, atakayeifanya mashine hii ielewe Kiswahili, huyo ndiye atakayebaki nayo. Asiyeweza nitamrudisha nilikomwazima, kwa shukrani."

"Nimekuelewa, Mkuu," akasema Zakayo. Hakuuliza zaidi. Chai ilikuwa nzuri mno.

Zakayo akatunga lugha. Hakutunga Kiswahili, kilishatungwa. Alitunga sheria za namna ya kuiamrisha mashine kwa Kiswahili: neno gani laanza, lipi lafuata, wapi unasema *kama*, wapi unasema *rudia*, wapi unasema *onyesha*. Akaziandika nyuma ya karatasi kuukuu za mitihani. Akaiita lugha hiyo Mtama, kwa kuwa mifano yake yote ilihusu magunia ya mtama. Niwaambie ukweli, ilikuwa lugha nzuri. Mwanachuo aliyekuwa akitazama dari aliisoma mara moja, akacheka kwa furaha, akasema, "Kumbe ni hivi tu?"

Zakayo akakaa mbele ya mashine, akaandika: *onyesha Kamwene*. Kamwene ndiyo salamu ya watu wa huko. Akabonyeza.

Mashine ikakaa kimya.

"Imeelewa?" akauliza Bi Yustina.

"Bado, Mkuu. Lakini lugha ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo kwenye karatasi."

Bi Yustina akanywa chai yake taratibu. Kisha akaenda kwenye mitambo ya simu mjini, akamwazima fundi, Sekela Mwaipopo, mwanamke mkimya wa Tukuyu ambaye vidole vyake viliwahi kufika mahali kabla mdomo haujaeleza. Akamkaribisha chai, akamwambia neno lile lile: "Binti yangu, atakayeifanya mashine hii ielewe Kiswahili, huyo ndiye atakayebaki nayo. Asiyeweza nitamrudisha nilikomwazima, kwa shukrani."

Sekela akazisoma karatasi za Zakayo zote. Akamwambia Bi Yustina, "Mama, tatizo ni hili. Mashine haijui Kiswahili, haijui Kiingereza, haijui Kinyakyusa. Inajua namba tu. Katikati anatakiwa mkalimani, asome Mtama upande huu, atoe namba upande ule. Huyo mkalimani naye si mtu, ni programu. Wenyewe wanamwita kompaila."

"Na huyo mkalimani ataandikwa kwa lugha gani?"

"Kwa namba, Mama. Kwani kuna lugha nyingine inayosikika humo ndani?"

Basi Sekela akaandika mkalimani kwa namba, moja baada ya moja, kichwani na vidoleni. Chumba cha mashine kilipakana na ofisi ya Bi Yustina, na kila siku mama wa watu alikuwa anasikia ukutani kwi-kwi-kwi-krrrr, kwi-kwi-kwi-krrrr, Sekela akijaribu, akihifadhi, akijaribu tena. Bi Yustina alifunga kitambaa kichwani. Alikunywa dawa. Aliijua ile sauti mpaka akawa anaisikia kwenye sufuria inayochemka.

Na Zakayo je? Kila asubuhi Zakayo alifika na sheria mpya. "Dada Sekela, nimeona tubadilishe kidogo."

"Kaka Zakayo, ukibadilisha tena leo, nitakufungia nje na baridi hii."

Hatimaye asubuhi moja Sekela akaandika *onyesha Kamwene*, akabonyeza. Mashine ikafikiri. Ikafikiri sana, mpaka Zakayo akatafuna chaki. Kisha kwenye kioo likatokea neno KAMWENE.

"Kamwene, mwanangu," Bi Yustina akaijibu mashine, na machozi yakamtoka hapo hapo mbele za watu.

Lakini mkalimani yule alikuwa wa majaribio, na Sekela mwenyewe aliandika JARIBIO juu ya kaseti yake. Mkalimani huyo aliijua nusu tu ya sheria za Zakayo. Alikuwa mzito. Ukimwandikia jambo gumu alijibu *Samahani, sielewi*, na mara nyingine alisinzia katikati ya sentensi, ikabidi uzime uanze upya. Kwa uzito wake na adabu zake, wanachuo wakampa jina: Bibi.

Siku zikaenda, habari ikaja kutoka Tukuyu kwamba mama yake Sekela anaumwa. Sekela akafunga mzigo. Bi Yustina akaona kazi itasimama, akamwazima mtu wa tatu, Ombeni Mshana, kijana wa Kipare aliyekuwa akifundisha shule moja ya mbali, aliyesomea mambo ya mashine na kuwaza haraka kuliko alivyokula. Akamkaribisha chai. Neno mnalijua. Semeni wenyewe. Ndiyo: atakayeifanya mashine hii ielewe Kiswahili, huyo ndiye atakayebaki nayo. Asiyeweza atarudishwa alikoazimwa, kwa shukrani.

Ombeni akamtazama Bibi, akasema, "Mkuu, mimi sitamwongeza Bibi namba. Nitaandika mkalimani mpya, na nitamwandika kwa Mtama."

Bi Yustina akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mkalimani wa Mtama aandikwe kwa Mtama? Hiyo si sawa na mtu kujizaa mwenyewe?"

"Hapana, Mama. Bibi ndiye atakayemzaa. Nusu ya Mtama anaijua, na nusu inatosha. Nitamwandikia maelezo ya mkalimani mpya, yeye atayasoma, atatoa namba. Hizo namba ndizo mtoto. Halafu nitampa mtoto asome maelezo yale yale yaliyomzaa, atoe mjukuu. Mjukuu naye ayasome, atoe kitukuu. Mjukuu na kitukuu wakifanana namba kwa namba, ukoo ni mzima. Hapo Bibi apumzike."

Hiyo ndiyo desturi ya wenye kazi ile, na wana sababu yao. Mtoto anaweza kukimbia vizuri uwanjani huku ana ugonjwa utakaoonekana kwa watoto wake. Kwa hiyo Bibi haondoki nyumbani mpaka mjukuu na kitukuu wamesimamishwa bega kwa bega.

Ombeni akaandika. Maelezo yake yalikuwa masafi, hata Bi Yustina, ambaye si mtu wa mashine, aliweza kuyafuata kama barua. Akampa Bibi. Bibi akasoma, akasinzia, akaamshwa, akasoma tena. Mtoto akazaliwa. Kazi aliyoihenyea Bibi mpaka chai ikapoa, mtoto aliimaliza kabla hujakoroga sukari. Sheria zote za Zakayo alizijua. Chuo kizima kikashangilia, na katika shangwe hiyo, mjukuu akasahaulika.

Zakayo akasema, "Mtoto anakimbia, Bibi wa nini tena? Kaseti hazipatikani. Sanga, ifute hii tuitumie."

Sanga alikuwa mtunza vifaa wa chuo na mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisani. Akaigeuzageuza kaseti. "Mwalimu, badala ya kuifuta, si mniazime? Kwaya yetu imekosa kaseti ya kurekodia."

"Chukua."

Bi Yustina alikuwepo. Angeweza kusema neno. Hakusema, kwa sababu moyoni alifurahi kwamba ile kelele sasa imeondoka. Nalitaja hili msije mkadhani kosa lilikuwa la wengine tu.

Haikupita muda, Zakayo akaja na sheria mpya. Moja tu, ndogo. Ombeni akaiingiza kwenye maelezo, akampa mtoto ayasome, akazaliwa mtoto mpya. Akamjaribu: *onyesha Kamwene*. Kamwene ikatokea. Akamjaribu kwa mazoezi ya wanachuo, yote yakapita. Akafurahi, na kwa kuwa kaseti ilikuwa ile ile moja, akamhifadhi mtoto mpya juu ya yule wa zamani. Ndipo alipokumbuka desturi. Akampa mtoto mpya maelezo yake mwenyewe, azae mjukuu.

Mashine ikasema: *Kosa*.

Akarudia. *Kosa*.

Akazima, akawasha, akarudia. *Kosa*.

Mnaona kilichotokea? Mtoto mpya alikuwa na kasoro. Aliweza kusoma kila kitu duniani isipokuwa maelezo yake mwenyewe. Ombeni aliyapitia maelezo, na kosa akaliona, dogo, akalisahihisha kwa kalamu. Lakini ili sahihisho liwe namba, alihitajika mkalimani mzima wa kulisoma. Mtoto wa kwanza amefutwa. Bibi ameenda kwaya. Maelezo yote yapo mezani, mazuri, yamenyooka, na chini ya jua lote hakuna hata mmoja wa kuyasoma.

Ombeni akaacha kula. Zakayo akaacha kuleta sheria. Na wakubwa wa elimu walishaalikwa waje kuiona Mtama.

Sekela akarudi. Mama yake alikuwa amepona, na alikuja na ndizi za kuwagawia wenzake na uso wa furaha. Akawakuta wamekaa kama wafiwa. Wakamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole, "Na Bibi yuko wapi?"

Ombeni akamtazama Zakayo, Zakayo akamtazama Sanga.

"Nauliza, Bibi mmempeleka wapi?"

Sanga akakohoa. "Dada, kaseti tumeirekodia. Nyimbo za Pasaka."

Sekela akakaa chini.

"Mwandike mwingine, binti yangu," Bi Yustina akambembeleza. "Si ulimwandika wewe?"

"Siwezi, Mama. Sikuandika popote nilivyomtengeneza. Zile namba zilikuwa kichwani, na kichwani zimeshatoka. Mwalimu Zakayo aliniomba niziandike. Nikamwambia ya nini, mimi si nipo?" Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kumbe sikuwepo."

Jumamosi iliyofuata, binti wa jirani yake Sanga alipata kipaimara, na Bi Yustina akaalikwa. Alikwenda kwa ajili ya heshima tu, kwa maana hamu ya sherehe hakuwa nayo. Pilau likaletwa. Sanga akaweka kaseti ya kwaya yao, watu wakaitikia kwa vichwa huku wanatafuna. Nyimbo zikaisha. Mtoto mmoja akaigeuza kaseti upande wa pili kutafuta nyingine.

Kwi-kwi-kwi-krrrr.

Watu wakaziba masikio. "Zimeni hilo pepo!" akafoka mama mwenye shughuli. Mtu akanyoosha mkono kwenye redio.

"Asizime mtu!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Bi Yustina akipaza sauti. Alikuwa amesimama, paja la kuku mkononi, machozi yanamtiririka, anaisikiliza ile kelele aliyoichukia kuliko kelele zote kana kwamba ni sauti ya ndugu aliyerudi.

"Upande wa pili hatukuugusa, Mkuu," Sanga akajitetea. "Nyimbo zetu hazikutosha."

Bi Yustina alimkumbatia Sanga mbele ya mkewe.

Basi Bibi akarudi nyumbani. Akaamshwa, akaonyesha *Kamwene*. Lakini Bibi ni yule yule, nusu ya sheria hazijui, na maelezo ya Ombeni sasa yalikuwa yamejaa sheria mpya. Kila alipopewa alisema *Samahani, sielewi*. Ikabidi watatu wale wakae pamoja. Zakayo akakaa kushoto, akikumbuka ipi ilikuwa sheria ya zamani na ipi aliileta baadaye. Ombeni akakaa katikati, akiyaandika upya maelezo kwa maneno ambayo Bibi angeyaweza. Sekela akakaa kulia, akimshika Bibi mkono kila aliposinzia. Bibi akazaa mtoto. Mtoto akazaa mjukuu. Mjukuu akazaa kitukuu. Wakawasimamisha bega kwa bega, namba kwa namba, wakafanana. Safari hii hakuna aliyeshangilia kabla ya hapo.

Wakubwa wa elimu wakaja, wakaona, wakasema Mtama ipelekwe mashuleni. Wakampa Bi Yustina nafasi moja ya mlezi wa lugha, amteue mtu wa kuishika. Mlezi atabaki chuoni na mashine, atailea Mtama, na lolote litakaloongezwa au kupunguzwa litapita kwake. Jina lake litaandikwa ndani ya mkalimani mwenyewe, kwenye mstari wa kwanza unaotokea kioo kikiwaka, ili kila mjukuu atakayezaliwa alibebe. Nafasi ni moja, jina ni moja, na gari la kuchukua kaseti linakuja asubuhi.

Asubuhi hiyo Bi Yustina akawaita wote watatu. Akawapikia chai. Sanga naye alikuwepo mlangoni. "Na wewe Sanga, unadai?" akamuuliza.

"Mimi nadai kaseti yangu, Mkuu. Jumapili tunaimba."

Wakacheka kidogo. Kisha kicheko kikaisha, maana kila mmoja alijua atakachokikosa asipochaguliwa. Zakayo angerudi kwenye darasa la hesabu lenye madirisha yaliyovunjika. Sekela angerudi kwenye mitambo ya simu. Ombeni angerudi kwenye shule yake ya mbali, isiyo hata na umeme. Na kila mmoja alikuwa ameipenda Mtama kama mtu anavyopenda mtoto aliyemlea, akajaribu kutoonyesha, na hakuweza.

"Nilitoa neno," akasema Bi Yustina. "Nililitoa kwa kila mmoja wenu, na sijawahi kurudi nyuma. Nielezeni. Nani aliifanya mashine hii ielewe Kiswahili?"

Zakayo akasimama. "Mkuu, Bibi alijua nini? Sheria zangu. Mtoto anajua nini? Sheria zangu. Mwondoeni Bibi, mtoto anabaki. Mwondoeni mtoto, Bibi anabaki. Iondoeni Mtama, hao wakalimani watatafsiri nini? Hawa ndugu zangu wamefanya kazi kubwa, lakini mashine inaelewa kile nilichokifikiri mimi."

"Ukakifikiri, mashine ikakaa kimya," akasema Ombeni kwa adabu. "Na wewe ndiye uliyesema Bibi wa nini."

"Nilisema," akakiri Zakayo, akakaa.

Ombeni akasimama. "Mama, anayekwenda mashuleni ni nani? Si Bibi. Bibi anasinzia. Anayekwenda ni huyu niliyemwandika mimi, mstari kwa mstari, kwa Mtama yenyewe. Na kuna jambo moja. Kabla yangu, Mtama iliweza kusema habari za magunia. Baada yangu, Mtama inaweza kujieleza yenyewe. Mtoto akitoweka kesho, maelezo yapo, mtu yeyote anayejua kusoma ataweza kuyafuata. Bibi alipotoweka, hata mwenyewe aliyemtengeneza hakuweza kumrudisha."

"Maelezo yako yalipokuwa peke yake mezani, yaliifanya mashine ielewe nini?" akauliza Zakayo.

"Hakuna," akasema Ombeni. "Niliruka desturi, nikaua ukoo mzima kwa haraka yangu. Sikatai." Akakaa.

Sekela hakusimama. Alikuwa anazungusha kikombe mezani. "Mimi sina mstari hata mmoja humo," akasema. "Mtafute tangu juu hadi chini, hamtaona jina langu wala kazi yangu. Ila naomba kitu kimoja. Ombeni, mdogo wangu, fungua maelezo yako. Nionyeshe mahali ulipomwambia mkalimani mwisho wa mstari ni nini."

Ombeni akapekua. "Hapa. Nimeandika: *mwisho-wa-mstari ni mwisho-wa-mstari*."

Bi Yustina akatazama. "Hayo ndiyo maelezo?"

"Haikuhitajika zaidi, Mama. Mkalimani anayesoma maelezo anajua tayari."

"Alijuaje?"

Ombeni akaweka kidole kwenye mstari ule. "Alifundishwa na aliyemzaa."

"Na huyo?"

"Na aliyemzaa yeye. Mpaka..." Akamgeukia Sekela, na uso wake ukabadilika.

"Mpaka Bibi," akasema Sekela. "Na Bibi nilimwambia mimi. Namba moja, kwa kidole hiki. Haijaandikwa kwenye sheria za Zakayo. Haijaandikwa kwenye maelezo ya Ombeni. Na kila mtoto wa shule atakapobonyeza kwenda mstari wa pili, mashine itaelewa, kwa sababu bibi yake bibi yake aliambiwa. Mmoja alianza kuielewa lugha hii pale palipokuwa hakuna anayeielewa. Wengine wote wamerithi."

Ombeni akayafunga maelezo yake.

"Namba moja, dada," akasema bila ubishi. "Mimi nina kurasa."

"Ndiyo, mdogo wangu. Una kurasa. Na mimi hata hizo namba zangu sikuziandika, nikawaacheni mikono mitupu."

Nje gari likapiga honi. Bi Yustina akainuka, akaenda mbele ya mashine. Ombeni alikuwa amemwandalia mstari: *Mlezi wa lugha hii ni*, halafu nafasi, na kwenye nafasi hiyo kidoti kinawaka na kuzimika, kikingoja. Aliweka kidole juu ya kibodi. Nyuma yake watatu walisimama pamoja, na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake kwa ubaya, jambo ambalo lilimwumiza zaidi. Laiti wangegombana. Aliwaza neno lake, jinsi alivyolitoa kwa urahisi, kikombe mkononi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliyeiwaza lugha hakusikilizwa na mashine. Aliyesikilizwa kwanza hayumo tena. Kazi ya aliyemo isingezaliwa bila ya yule asiyekuwemo. Gari likapiga honi tena.

Mimi nimewafikisha hapo, na Bi Yustina bado kidole kipo hewani, kwa sababu akishabonyeza, jina hilo litazaliwa na kila mjukuu na halitafutika. Sasa msinitazame mimi. Sogezeni viti, mbishane, chai ipo. Je, nani alistahili kubaki na Mtama: aliyeiwaza, aliyeisikilizisha kwanza, au aliyeifanya ijiseme yenyewe? Na ukishalitaja jina ulilolichagua, utageuka uwaambie nini wale wawili waliosimama nyuma yako?